Pweto, Desemba 2000: Mji Uliogeuza Vita vya Congo

Mapigano ya kuugombea mji wa Pweto, kusini-mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, yalimalizika tarehe 3 Desemba 2000. Siku hiyo majeshi ya Rwanda na waasi wa RCD-Goma waliingia mjini, huku askari wa serikali ya Congo na washirika wao wakivuka mpaka kukimbilia Zambia. Pweto haikuwa na migodi mikubwa, kiwanda wala ikulu. Hata hivyo, kuanguka kwake kulivunja mpango mkubwa wa mwisho wa Rais Laurent-Désiré Kabila wa kushinda kwa mtutu wa bunduki. Wiki sita baadaye Kabila aliuawa, na kabla ya miezi mitatu kupita tangu mji utekwe, majeshi yaliyokuwa yakipigana yalianza kuachana.

Mji huo uko kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Mweru, mahali ambapo Mto Luvua unatoka ziwani na kuelekea kaskazini-magharibi kuungana na Mto Lualaba. Mpaka wa Zambia uko jirani kabisa. Upande wa kaskazini-mashariki ardhi inapanda hadi nyanda za juu za Marungu, zinazotazama Ziwa Tanganyika, na chini yake ufukweni uko mji wa Moba. Ng'ambo ya pili ya ziwa, karibu mkabala na Moba, iko Karema, bandari ya Mkoa wa Katavi nchini Tanzania. Kutoka Mpanda, mji wa mkoa huo, hadi Pweto ni kiasi cha kilomita 330 kwa mstari ulionyooka, umbali mfupi kuliko ule wa kutoka Mpanda kwenda Dodoma. Vita vya Pweto vilipiganwa ujirani, na athari zake zilivuka maji na mipaka ya nchi zote zinazolizunguka ziwa.

Vita vilivyoingiza majirani

Chanzo cha vita hivyo kinaanzia mwaka 1994. Baada ya mauaji ya kimbari nchini Rwanda, askari wa utawala ulioshindwa na wanamgambo wa Interahamwe walivuka kuingia Zaire pamoja na mamia ya maelfu ya wakimbizi. Mwaka 1996 Rwanda na Uganda ziliunga mkono muungano wa waasi ulioitwa AFDL, na Laurent Kabila akawa kiongozi wake. Muungano huo ulimng'oa Mobutu Sese Seko na kuingia Kinshasa tarehe 17 Mei 1997. Nchi ikarejeshewa jina la Congo.

Urafiki wa Kabila na waliomwinua ulidumu mwaka mmoja tu. Mwishoni mwa Julai 1998 aliwaamuru askari wa Rwanda waondoke nchini, na tarehe 2 Agosti uasi mpya ukazuka mashariki. Waasi hao walijipa jina la RCD, na kiongozi wao wa kwanza alikuwa Profesa Ernest Wamba dia Wamba, aliyekuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Rwanda, Uganda na Burundi zilipeleka majeshi upande wa waasi. Zimbabwe, Angola na Namibia zilipeleka yao kumwokoa Kabila. Vita vilivyoitwa vya wenyewe kwa wenyewe vikawa vya nchi nyingi ndani ya nchi moja.

Kufikia katikati ya 1999 Congo ilikuwa imegawanyika. Kaskazini ilishikwa na MLC ya Jean-Pierre Bemba, iliyosaidiwa na Uganda. Sehemu kubwa ya mashariki ilikuwa chini ya Rwanda na RCD-Goma, tawi la RCD lililoungwa mkono na nchi hiyo. Magharibi na kusini zilibaki kwa serikali. Tarehe 10 Julai 1999 nchi zilizohusika zilitia saini Mkataba wa Lusaka wa kusitisha mapigano, na waasi wakatia saini mwezi uliofuata. Umoja wa Mataifa ukaunda ujumbe wa kulinda amani, MONUC, na Ketumile Masire, rais wa zamani wa Botswana, akateuliwa kuwezesha mazungumzo ya Wakongo wenyewe kwa wenyewe.

Mkataba huo haukuheshimiwa na upande wowote. Rwanda na Uganda, zilizokuwa marafiki, zilipigana zenyewe kwa zenyewe ndani ya Kisangani, na mapigano ya Juni 2000 yaliwaua mamia ya raia wa mji huo. Kabila naye alimkataa Masire na kuwawekea vikwazo askari wa Umoja wa Mataifa. Aliamini kuwa kuwatambua waasi mezani ni kuhalalisha uvamizi, na kwamba bado ana nafasi ya kushinda vitani.

Kwa nini Pweto

Mstari wa mbele katika Katanga ya kaskazini ulianzia karibu na Ziwa Tanganyika, ukapita Marungu na kushuka kuelekea Ziwa Mweru. Kila upande ulikuwa na sababu nzito ya kuuangalia mstari huo.

Kwa Kabila, Katanga ilikuwa nyumbani na ndiyo hazina ya serikali yake. Lubumbashi, mji mkuu wa shaba na kobalti, uko karibu kilomita 400 kusini-magharibi mwa Pweto. Adui aliyeishika Pweto alikuwa ameishika njia ya kuuendea mji huo. Kinyume chake, jeshi la serikali likipanda Marungu na kushuka hadi Moba na Kalemie, lingewakatia Rwanda na Burundi njia ya majini waliyoitumia kupeleka askari na mizigo kusini mwa ziwa.

Washirika wa Kabila walikuwa na hesabu zao pia. Kundi la FDD, lililopigana na serikali ya Burundi, lilikuwa na wapiganaji wengi Katanga. Walikuwepo pia Wahutu wa Rwanda, baadhi yao wakiwa mabaki ya Interahamwe na jeshi la zamani. Kwa makundi haya mawili, kila kilomita waliyosonga kaskazini iliwasogeza karibu na kwao. Burundi nayo ilikuwa na jeshi lake upande wa pili wa mstari. Warundi walipigana na Warundi, na Wanyarwanda na Wanyarwanda, katika ardhi ya Wakongo.

Hapo ndipo historia ya Katavi inapokutana na ya Pweto. Vita vya Burundi vilikuwa na mizizi katika mauaji ya mwaka 1972, yaliyowatoa maelfu ya watu nchini mwao. Wengi wao walipokelewa Tanzania na kupewa ardhi ya kulima katika makazi ya Katumba na Mishamo, yaliyo leo katika Mkoa wa Katavi. Wakati familia hizo zikilima mahindi na tumbaku kwa miaka karibu thelathini, mgogoro uliowafukuza ulikuwa haujaisha. Mkataba wa amani wa Burundi ulitiwa saini Arusha tarehe 28 Agosti 2000, lakini FDD haikuwa sehemu yake. Miezi michache baadaye wapiganaji wake walikuwa kwenye mahandaki ya Katanga.

Kabila mwenyewe aliifahamu vizuri pwani ya Ziwa Tanganyika. Katika uasi wa 1964 alikuwa miongoni mwa viongozi waliofika Albertville, mji unaoitwa sasa Kalemie. Baadaye aliongoza waasi wa chama cha PRP katika milima ya Fizi, na watu wake waliushambulia mji wa Moba mwaka 1984 na tena 1985. Kwa miaka mingi alikuwa na makazi Tanzania, na mwanawe Joseph alikulia na kusoma huko. Mwaka 2000 Joseph Kabila alikuwa mkuu wa jeshi la nchi kavu la Congo, na alikuwepo Pweto wakati wa mapigano.

Kupanda Marungu na kushuka tena

Mpango wa serikali ulianza vizuri. Katikati ya Oktoba 2000 vikosi vya Congo na washirika wao vilishambulia Pepa, kituo kilicho kwenye nyanda za juu za Marungu, zaidi ya kilomita 100 kutoka Pweto. Nyanda hizo zilisifika kwa ubaridi na malisho ya ng'ombe. Walinzi wa Pepa walizidiwa wakarudi nyuma, na serikali ikatangaza ushindi. Njia ya kushuka Moba ilionekana kufunguka.

Ushindi huo haukudumu. Rwanda ilileta askari zaidi, na mwezi Novemba ikaanza kujibu mapigo pamoja na Burundi na RCD-Goma. Pepa ikarudi mikononi mwao. Jeshi la serikali lilirudi nyuma kwa njia ileile liliyojia, likielekea Pweto.

Liliamua kusimama Mutoto Moya, kwenye uwanda ulio wazi kabla ya mji. Huko lilichimba mahandaki na kuweka mizinga na vifaru. Wanyarwanda nao walijichimbia upande wao. Vita vya Congo kwa kawaida vilikuwa vya kuvizia msituni na kukimbizana barabarani, na mara chache majeshi makubwa yalikaa ana kwa ana kwenye mahandaki. Mutoto Moya ilikuwa moja ya mara hizo chache. Aliyethubutu kuuvuka uwanda mchana alikuwa shabaha ya bunduki na mizinga, na mashambulizi ya mbele yaliwagharimu washambuliaji watu wengi.

Kwa zana, upande wa serikali haukuwa dhaifu. Ulikuwa na vifaru, magari ya deraya na mizinga, na askari wa Zimbabwe walikuwa na uzoefu wa vita vya kisasa. Udhaifu ulikuwa kwenye muundo wake. Wakongo, Wazimbabwe, Warundi wa FDD na Wahutu wa Rwanda walikuwa na lugha tofauti, mafunzo tofauti na wakubwa tofauti. Wazimbabwe walikuja kumlinda rais rafiki, na nchi yao ilikuwa imechoshwa na gharama. FDD walitamani kurudi Burundi. Askari wa Congo walikuwa na mishahara ya kusuasua, na wengi walikuwa vijana wa AFDL wa mwaka 1996, wale walioitwa kadogo, walioingizwa jeshini wakiwa watoto.

Mioyo ya vijana hao ilikuwa imejeruhiwa. Anselme Masasu Nindaga, mmoja wa waasisi wanne wa AFDL na kipenzi cha kadogo wa Kivu, alikuwa amekamatwa kwa tuhuma za kupanga njama, na mwezi Novemba 2000 aliuawa kwa amri ya mahakama ya kijeshi. Wakati serikali ikiwataka vijana hao wafe kwenye mahandaki ya Katanga, ilikuwa imemuua mtu waliyempenda.

Upande wa pili, jeshi la Rwanda lilikuwa na amri moja na lilitegemea zaidi askari wa miguu. Lilipoona kuwa mahandaki ya Mutoto Moya hayavunjiki kwa mbele, lilituma vikosi kuyazunguka kupitia porini na kuelekea mjini. Kwa jeshi lililojipanga na mji mgongoni, hatari hiyo ilikuwa kubwa kupita zote. Pweto ikitekwa, waliokuwa mahandakini wangekosa chakula, risasi na njia ya kurudi. Habari za kuzungukwa zilipofika, watu walianza kuziacha nafasi zao, na kurudi nyuma kukageuka kuwa mbio.

Kivuko kilichozama

Nyuma ya jeshi hilo kulikuwa na maji, na kuyavuka kwa gari kulihitaji kivuko. Magari, vifaru na maelfu ya askari vilifika ukingoni kwa wakati mmoja. Kivuko kilizama kwa uzito wa kifaru, na njia ya kuokoa zana ikafungwa. Zana zilizobaki zilichomwa moto na wenyewe ili zisimfaidishe adui. Makumi ya magari ya kijeshi, vikiwemo vifaru na malori, yalibaki vyuma vyeusi vilivyopangana kando ya njia. Serikali maskini ilikuwa imetumia fedha nyingi kuvinunua, wakati hospitali na shule za Katanga zikikosa vitu vya lazima.

Makamanda waliondoka, akiwemo Joseph Kabila. Maelfu ya askari, Wazimbabwe miongoni mwao, waliingia Zambia kwa miguu na kwa mitumbwi. Zambia, ambayo haikuwa imeingia vitani, iliwanyang'anya silaha na kuwapokea, kisha ikashughulikia kurudishwa kwao.

Raia walikimbia pamoja nao. Makumi ya maelfu ya watu kutoka Pweto na vijiji vya Marungu walivuka kuingia wilaya za Chiengi na Kaputa, wakiwa na watoto, magodoro na sufuria. Ilikuwa mwanzo wa mvua, majira ya kupanda, kwa hiyo waliacha mashamba yasiyolimwa na njaa ya mwaka uliofuata ikawa imeshapandwa. Wengi walipelekwa kambi za Mwange na Kala, kaskazini mwa Zambia. Wakongo wengine walikuwa wameshavuka Ziwa Tanganyika tangu mwaka 1996 na kupokelewa mkoani Kigoma, katika kambi za Nyarugusu na Lugufu.

Hesabu ya vita vya Congo ni lazima ihesabu watu hao. Shirika la International Rescue Committee lilikadiria kuwa watu milioni 5.4 walipoteza maisha nchini humo kati ya Agosti 1998 na Aprili 2007 zaidi ya idadi ambayo ingetarajiwa wakati wa amani. Wengi wao hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na malaria, kuhara, nimonia na utapiamlo, magonjwa yanayomkuta mtu aliyefukuzwa nyumbani kwake akiwa mbali na zahanati na shamba.

Kutoka uwanja wa vita hadi mezani

Tarehe 6 Desemba 2000, siku tatu tu baada ya Pweto kutekwa, pande zinazopigana zilikubaliana mjini Harare juu ya utaratibu wa kutenganisha majeshi na kuyarudisha nyuma kutoka mstari wa mbele. Makubaliano ya namna hiyo yalikuwa yamefikiwa Kampala mwezi Aprili mwaka huohuo bila kutekelezwa. Safari hii hali ilikuwa tofauti. Jeshi bora la Kabila lilikuwa limetawanyika, zana zake zimeteketea, na njia ya Lubumbashi ilikuwa haina ulinzi wa maana. Washirika wake wa Zimbabwe na Angola waliona wazi kwamba kuendelea kungekuwa kumwaga fedha na damu bila mwisho.

Tarehe 16 Januari 2001 Laurent Kabila alipigwa risasi ofisini kwake Kinshasa na mmoja wa walinzi wake, kijana wa kundi la kadogo. Mengi yamesemwa juu ya waliokuwa nyuma ya mauaji hayo. Kilicho wazi ni kwamba yalitokea wakati rais akiwa ameshindwa vitani na akiwa na askari wenye uchungu mkubwa kwa ajili ya Masasu. Joseph Kabila, aliyekuwa na umri wa miaka 29, aliapishwa tarehe 26 Januari.

Rais huyo mpya alikuwa ameona kwa macho yake jeshi likisambaratika Pweto, na hatua zake za kwanza zilikuwa kinyume cha msimamo wa baba yake. Alimkubali Masire na kuwafungulia njia askari wa MONUC. Tarehe 22 Februari 2001 Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 1341, lililodai majeshi yarudi nyuma na wageni waondoke. Mwisho wa mwezi huo Rwanda iliondoa askari wake Pweto. Mji uliogharimu maisha ya watu wengi haukuwa na mshindi aliyeubakiza mkononi hata miezi mitatu.

Rwanda nayo ilikuwa na sababu za kuuacha. Njia yake ya ugavi ilikuwa ndefu, kutoka milima ya Rwanda hadi ncha ya Ziwa Mweru. Shinikizo la mataifa lilizidi, na kuendelea hadi Lubumbashi kungeweza kuwarudisha Angola na Zimbabwe vitani kwa nguvu zote. Kwa kuushinda mji, Rwanda ilionyesha ubora wa jeshi lake, lakini ilikuwa imefika kikomo cha inachoweza kushika. Uamuzi wa Pweto ulikuwa huo: serikali haikuweza kuwatoa waasi kwa silaha, na waasi pamoja na Rwanda hawakuweza kuitwaa nchi nzima. Baada ya Desemba 2000 mstari mkuu wa mbele haukubadilika tena kwa kiasi kikubwa.

Mazungumzo ya Wakongo yalifunguliwa Sun City, Afrika Kusini, mwezi Februari 2002. Tarehe 30 Julai mwaka huo Congo na Rwanda zilitia saini makubaliano Pretoria, na kufikia Oktoba Rwanda ilitangaza kukamilisha kuondoa majeshi yake. Mkataba wa pande zote wa Wakongo ulifuata Desemba 2002, na mwaka 2003 ikaundwa serikali ya mpito yenye rais mmoja na makamu wanne, wakiwemo viongozi wa MLC na RCD-Goma.

Pweto baada ya majeshi kuondoka

Amani ya viongozi haikufika vijijini kwa wakati mmoja. Serikali ilikuwa imewapa silaha wanamgambo wa Mai-Mai ili wapigane na Rwanda, na vita vilipokwisha silaha hizo zilibaki mikononi mwao. Kundi moja la wanamgambo hao, la Gédéon Kyungu Mutanga, liliteka, kupora na kuua kati ya Mitwaba, Manono na Pweto, eneo lililopata jina la pembetatu ya kifo. Gédéon alijisalimisha mwaka 2006 na kuhukumiwa, lakini alitoroka gerezani Lubumbashi mwaka 2011, na vijiji vya wilaya ya Pweto vikachomwa tena katika miaka iliyofuata.

Pamoja na hayo, watu walirudi. Wakimbizi walisafirishwa kutoka Zambia kwa maelfu, na mwaka 2010 kambi za Mwange na Kala zilifungwa. Mashamba yalilimwa, masoko yakafunguliwa, na wavuvi wakarudi Ziwa Mweru. Kwenye Ziwa Tanganyika, maji yaliyopitisha askari na wakimbizi yanapitisha biashara, na Tanzania imejenga bandari mpya Karema ili kuunganisha Katavi na Kalemie pamoja na Moba.

Historia ya Pweto inatoa somo kwa nchi zote za ukanda huu. Jeshi la mataifa manne lisilo na lengo moja lilishindwa licha ya vifaru vyake. Jeshi lililoshinda halikuweza kuubakiza mji. Wapiganaji wa Burundi na Rwanda walioletwa huko na migogoro ya nchi zao waliondoka bila kuitatua, na silaha walizogawiwa vijana wa Katanga ziliendelea kuwaua wenyeji kwa zaidi ya miaka kumi. Yaliyohitajika tangu mwanzo ni yale ambayo Mkataba wa Lusaka uliyaandika mwaka 1999: majeshi ya kigeni yaondoke, makundi yenye silaha yanyang'anywe silaha, na Wakongo wakae pamoja kuamua namna ya kuongozwa. Mapigano ya Pweto hayakuongeza jambo jipya katika orodha hiyo. Yaliwalazimisha wakubwa kuikubali, na gharama yake ililipwa na askari vijana na raia wa Marungu na Ziwa Mweru.